Ng'ombe wa Nguba Asiye na Pembe

Bukavu, Nguba, tarehe 12 Machi 2023

Yaya Micheline,

Nakusalimu wewe, Papa Chris na wote wa hapo Idjwi. Sisi huku tupo. Nikisema sisi ni mimi, kwa kuwa tangu binti yako Christine, aliyekuwa akikaa nami, aolewe nyumba hii imebaki na mtu mmoja. Mvua ya Jumatano ilichukua choo cha jirani yangu Jean-Marie ikakishusha mita sita chini ya mteremko, kimesimama vilevile, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Jean-Marie alitoka salama, lakini kwenye parseli, kiwanja cha watu wengine. Mananasi mawili uliyotuma kwa mkono wa Merveille yalifika moja. La pili alilila kwenye boti, amekiri mwenyewe.

Sasa nije kwenye farasi wenu.

Utakumbuka kwamba tarehe 21 Januari Muzee Philémon alikuja hapa kwangu na watu wake kutoka Kalehe kutoa mahari, ili kijana wake Guylain amuoe Christine. Tulikuwa tumepatana ng'ombe mmoja. Muzee alisema waziwazi kwamba ng'ombe wake waliisha wakati wa vita, na kwamba mnyama aliyebaki naye ni huyu Kaporali, aliyeachiwa na mzungu wa shamba la chai alipofunga kazi. Papa Chris alimzunguka mara moja, akasema ni mrefu kuliko ng'ombe yeyote wa Idjwi, akakubali. Katika daftari langu la kila siku niliandika: "Saa nane na robo. Farasi amepokelewa kama ng'ombe. Hakuna aliyecheka."

Nahodha wa boti ndiye aliyekataa. "Mimi nabeba watu, mananasi na mbuzi," alisema. "Hii ikiogopa katikati ya ziwa, nani atashuka, yeye ao sisi?" Ukaniambia nikae naye wiki mbili. Leo ni siku ya hamsini.

Hali yake ni hii. Nimempima kifua kwa utepe wa fundi Monique, anayeshona hapa chini ya barabara. Utepe uliishia kabla ya farasi kwisha, ikabidi Monique aunganishe tepe mbili kwa uzi. Kifua sentimita 158, urefu 150. Kwa hesabu iliyo kwenye kitabu cha yule mzungu, ambacho Muzee alikileta pamoja na kamba, huo ni uzito wa kilo 315. Mbavu zinahesabika kwa macho. Umri wake ni miaka ishirini na nane, na kitabu kinasema kwa farasi huo ni uzee kamili. Asubuhi anaanza kutembea kwa mguu wa kulia wa nyuma ukiwa mgumu, kama mimi, ila mimi ni wa kushoto.

Naomba unijulishe mtamchukua lini. Parseli yangu ni ndogo na tayari amekula ua wa Jean-Marie.

Mdogo wako,
Polycarpe


Idjwi Kusini, tarehe 2 Aprili 2023

Mdogo wangu Polycarpe,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa Papa Chris kwa sababu miwani yake imekaliwa na mtoto. Tunamshukuru Mungu. Kahawa imetoa maua vizuri. Mguu wa Papa Chris umepungua uvimbe, sasa amehamia kulalamikia mgongo. Unauliza kwa nini sipigi simu: simu yangu ilianguka ziwani siku ya Majivu, na hata ilipokuwa hai ilinilazimu kupanda kilima cha kanisa ili nikusikie ukinisomea vipimo. Afadhali barua. Kwenye barua nakuruka.

Habari kubwa ni Chris. Kijana wangu amepata mchumba, anaitwa Lucie, wa Kabare, binti ya Papa Jean-de-Dieu. Ni watu wazuri, watu wa misa. Wanataka ng'ombe mmoja. Tumepanga harusi Jumamosi tarehe 26 Agosti.

Wewe umesoma mpaka diploma, huhitaji kufundishwa. Ng'ombe wa mahari hakai. Anaingia kwa binti, anatokea kwa kijana. Christine ametuletea huyo, huyo atatuletea Lucie. Kwa hiyo usimtume huku, usimrudishe Kalehe. Mkalishe hapo hapo Nguba mpaka tarehe hiyo. Kazi yako ni moja tu, asife.

Ua wa Jean-Marie utamwambia utaota tena.

Dada yako,
Micheline


Bukavu, Nguba, tarehe 23 Aprili 2023

Yaya Micheline,

Salamu nyingi. Nilifurahi kusikia habari za Chris, na nilikaa chini kidogo baada ya kufurahi. Pasaka ilikwenda vizuri. Niliimba besi peke yangu kwa sababu wenzangu wawili walikuwa na mafua. Choo cha Jean-Marie kimebaki kilipo, na mwenye parseli ile anadai sasa ni chake.

Ulinipa kazi moja. Nakuarifu kwamba ndani yake kuna kazi kumi na moja.

Tarehe 4 Aprili niliona farasi anatafuna nyasi muda mrefu kisha anazitema zikiwa zimeviringwa kama matonge. Akila tonge tano, anatema nne. Nilimwita daktari wa mifugo, Mama Gloire, mwanamke hodari aliyetibu ng'ombe miaka ishirini. Alisimama mbele ya Kaporali akavua kofia. "Papa Polycarpe, ngombe niko namujua tumbo zake zote ine," alisema. "Hii iko na tumbo ngapi?" Nilimwambia moja. Akasikitika kama aliyeambiwa habari ya kifo.

Basi nilipanda gari mpaka Kalehe kwa Muzee Philémon. Muzee aliniuliza kwanza Kaporali anaendeleaje, halafu ndipo akamuita Christine atoke jikoni kunisalimu. (Hajambo, amenenepa.) Alinieleza kwamba meno ya farasi yanaota mpaka uzeeni, yanaisha upande mmoja na kubaki na ncha upande mwingine, na zile ncha zinamchoma mashavu. Dawa ni tupa. Alikuja na mimi Bukavu, akamshika ulimi kwa mkono wa kushoto na kuutoa pembeni, na kwa mkono wa kulia akamsugua meno kwa tupa ndefu ya seremala kwa dakika arobaini. Watu wa mtaa walijaa ukutani. Mtoto mmoja alilia, na mtu mzima mmoja.

Tangu siku hiyo sheria ni hizi: nyasi zikatwe fupi kama sombe, yale majani ya muhogo, pumba ziloweshwe maji ya uvuguvugu saa nzima, karoti zikwaruzwe, chumvi kijiko kimoja, na mlo uwe mara nne badala ya mbili. Kwato zisafishwe kila asubuhi. Atembezwe nusu saa ili viungo visigande. Tunakwenda mpaka njia ya Muhumba na kurudi. Watu wanatusalimia. Wengine wanamsalimia yeye kwanza.

Nina swali moja na naomba usiliruke. Je, umewaambia watu wa Kabare kwamba ni farasi?

Polycarpe


Idjwi Kusini, tarehe 14 Mei 2023

Mdogo wangu,

Amani. Mimi mzima. Mgongo wa Papa Chris umepona, sasa ni jino. Nilipomsomea habari ya tupa akanyamaza mchana kutwa, na hajalitaja tena hilo jino. Mvua ilikuwa nyingi, mihogo imekubali. Kuku wangu mweupe ameatamia mayai ya bata na hajui.

Nimefurahi kwamba anakula. Endelea hivyo hivyo na karoti. Nguo za kwaya za harusi tumechagua kitambaa cha kijani, utatuma vipimo vyako, vya kwako, si vya mnyama.

Papa Jean-de-Dieu na wazee wawili watakuja kwako Jumamosi tarehe 10 Juni kuangalia mahari. Ni desturi, usiogope. Nimewaambia ni mnyama mkubwa, rangi ya kahawa, mpole, na analelewa mjini na mtu mwenye diploma. Yote hayo ni kweli. Watengenezee ndizi na samaki, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha kabla hawajatoka nje kumwangalia. Kabla, Polycarpe. Si baada.

Na usiongee sana. Wewe ukiulizwa saa unaeleza jinsi saa inavyotengenezwa.

Dada yako,
Micheline


Bukavu, Nguba, tarehe 11 Juni 2023

Yaya Micheline,

Sikusalimii kwa urefu leo. Tuko wazima.

Walikuja jana saa nne na dakika ishirini. Papa Jean-de-Dieu mwenyewe, mtu mrefu mwenye suti; mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya; na mzee mwingine mnene ambaye hakusema neno mpaka mwisho. Walikula. Walikunywa kasiksi. Papa Jean-de-Dieu akafuta mdomo, akasimama. "Sasa, Papa Polycarpe. Ngombe iko wapi?"

Niliwapeleka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimempiga brashi tangu asubuhi, anang'aa. Walimtazama, kisha wakatazama nyuma yake.

"Iko wapi?"

"Iko mbele yenu, papa."

Kaporali alinyanyua mkia akafanya haja yake, kwa afya nzuri kabisa, lakini sikuona kama ndio wakati wa kuieleza.

Mzee wa kofia akasogea. "Na pembe?"

"Haina."

"Hata kamoja?"

"Hata kamoja."

"Banazikata?"

"Hapana, muzee. Ilizaliwa hivyo."

"Masikini." Akamzunguka. "Maziwa inatoa kiasi gani?"

"Ni dume."

"Aaa, muzuri. Itatupatia batoto."

Yaya, ulisema nisiongee sana, lakini nimelelewa na mama yetu na siwezi kudanganya mtu niliyemlisha. Nilimweleza kwamba Kaporali alihasiwa akiwa kijana. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Papa. Ngombe haina pembe, haina maziwa, haina batoto. Iko na nini?"

Nilimzunguka na mimi. "Iko na mukia," nilisema.

Akaenda kuutazama. "Mukia iko muzuri," alikubali. "Kwa mukia sina neno."

Papa Jean-de-Dieu alisogea, mikono mgongoni. Akaniuliza: "Hii ni farasi?"

"Ni farasi, papa."

"Maman Micheline anajua?"

Nilitazama chini. Papo hapo nikajua kwamba hukuwaambia, na wewe unajua kwamba nimejua, kwa hiyo tuendelee.

Walikwenda pembeni, kwenye kona ya jiko. Niliwasikia wakipandisha sauti, wakiishusha. Nilimshika Kaporali kamba fupi. Nilijiambia: Chris hatamuoa Lucie, na kosa litakuwa la farasi, naye hana kosa. Baada ya robo saa walirudi. Papa Jean-de-Dieu alikohoa.

"Hii nyama ilishaleta bibi kwa nyumba?"

"Ndiyo. Christine wetu, tarehe 21 Januari."

"Na ile ndoa iko?"

"Iko. Nilimwona Aprili, amenenepa."

"Basi muone." Aligeukia wazee wake, lakini nadhani alisema na mimi. "Kitu chenye kilishaleta bibi kiko ngombe. Sisi tukisema leo aiko ngombe, basi Christine hakuolewa, na huyo kijana wa Kalehe anakaa na binti ya batu bure, na mutoto wenye atazaliwa kule aiko na baba. Nani hapa anataka kubeba hiyo neno? Mimi hapana."

Hakuna aliyetaka kuibeba. Mzee mnene alifungua mdomo kwa mara ya kwanza na kusema: "Iko ngombe."

Masharti yao ni mawili. La kwanza, tarehe 26 Agosti asimame kwa miguu yake minne mbele ya familia zote mbili wakati wa kukabidhiwa. Ng'ombe aliyelala hapokelewi. La pili, baada ya misa anakwenda nao Kabare. Niliwauliza huko nani atamloweshea pumba. Papa Jean-de-Dieu akasema, "Kulowesha?" na wakaaga.

Uzito wa jana ulikuwa kilo 334.

Polycarpe


Idjwi Kusini, tarehe 2 Julai 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Si nilikuambia? Watu wazuri, watu wa misa! Huku tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amezaa. Papa Chris amesema wewe ni wakili aliyepotea bure katika kazi ya bohari.

Kuhusu mambo mengine uliyoyaandika, sikumbuki kuwa kuna aliyeniuliza pembe. Watu wanauliza ukubwa, unajibu ukubwa.

Sasa sikiliza vizuri. Tarehe 26 haiwezi kusogea hata siku moja. Lucie ameanza kutafuta udongo wa kula. Baba yake hajaona bado, mama yake ameona na amenitumia salamu fupi sana. Kwa hiyo huyo mnyama lazima asimame. Ukiona anataka kulala, mweleze.

Tumetoa nia ya misa Jumapili iliyopita. Padri aliisoma mbele ya wote: "Kwa afya ya ng'ombe wa familia ya Chris, anayesumbuliwa na meno." Watu waliitikia vizuri. Kuku mweupe ameangua mabata sita, ameyapeleka kwenye vumbi na yeye mwenyewe anashangaa wanataka nini majini.

Micheline


Bukavu, Nguba, tarehe 6 Agosti 2023

Yaya Micheline,

Nawasalimu wote. Kiangazi kimekausha kila kitu, vumbi limefanya hata lami iwe nyekundu. Nyasi nazitafuta mbali, ukingoni mwa ziwa, gunia mbili kila alfajiri, na Jean-Marie ananisaidia kubeba. Amesamehe ua.

Nakuandikia jambo la Jumamosi ya tarehe 29 Julai. Nanakili kutoka daftarini.

"Saa moja asubuhi: hakumaliza pumba. Saa mbili: anageuza kichwa kutazama ubavu wake, kama mtu aliyeitwa. Saa mbili na nusu: amelala chini. Ameinuka. Amelala tena, anataka kubiringika. Sikio kwenye tumbo: kimya."

Kwa ng'ombe kimya cha tumbo ni jambo moja. Kwa farasi, kitabu kinasema, ni jambo la mwisho kabla ya mambo mengine yote. Farasi hawezi kutapika, Yaya. Kilichoingia hakina njia ila moja. Nilipiga simu Kalehe. Muzee Philémon alisema: ondoa chakula, mtembeze polepole, usimwache abiringike, na umsubirie mavi.

Tulitembea. Mimi mbele na kamba, Jean-Marie nyuma akipiga makofi kila alipotaka kusimama. Mama Gloire alikuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, akampiga sindano ya maumivu baada ya kuigawa dozi ya ng'ombe kwa akili yake, akaweka sikio tumboni kila dakika kumi. Mtaa wote ulikuwa unajua. Dereva wa moto alisimama akauliza, "Papa, ngombe yenu imekunya?" Sikumjua kabisa. Watu wa misa ya maziko waliopita na jeneza walipunguza mwendo kutuuliza, nao pia walikuwa na haraka yao. Tulizunguka mara thelathini na mbili. Nilizihesabu kwa kokoto mfukoni.

Saa nane na dakika tano, mbele ya duka la mkate, tumbo lilinguruma mpaka mimi nilisikia kutoka mbele. Kisha akafanya. Madonge tisa. Watu walishangilia kama goli. Mwanamke wa mkate alitoka nje akapiga magoti. Mama Gloire alinikumbatia, halafu akakumbuka ana kazi na kuyavunja madonge kwa kijiti kuona kama yana unyevu. Yalikuwa nao.

Sasa anasimama. Kilo 326. Imebaki siku ishirini.

Nimeandika maelezo kwa ajili ya watu wa Kabare, kurasa kumi na nne. Nimeyasoma tena jana nikaona hayatoshi. Maji ya uvuguvugu, nimeandika, lakini uvuguvugu wa nani? Mkono wangu unaujua, karatasi haiujui. Kule ni juu, ni baridi, na yeye manyoya yake hayaanguki tena vizuri kama ya mnyama kijana, jasho likimkaukia anatetemeka. Papa Jean-de-Dieu ana watoto wema lakini wanasema "tutamufunga pale kwa mugomba".

Nikimtunza vibaya, atakufa na Chris hatamuoa Lucie. Nikimtunza vizuri, tarehe 26 atasimama na wataondoka naye. Nimelipanga jambo hili kwenye safu mbili, upande wa kushoto na wa kulia, kama nilivyofundishwa, na pande zote mbili zinaishia na uwanja mtupu.

Polycarpe


Idjwi Kusini, tarehe 13 Agosti 2023

Polycarpe,

Merveille anasubiri ufukweni na boti inanguruma, kwa hiyo ninaandika mbio.

Tangu tumzike marehemu mkeo Anne-Marie, miaka mitatu, uliniandikia barua mbili. Zote mbili zilikuwa za kunitakia Noeli njema. Mwaka huu umeniandikia kurasa ishirini na nane, na Papa Chris anazihifadhi kwenye mfuko wa mbegu. Mimi ni dada yako, najua kusoma.

Lakini mtoto wa Chris yuko njiani na hajui kusubiri. Mwoshe, msimamishe, mkabidhi. Nakuomba. Sikuamuru safari hii, nakuomba.

Nguo yako ya kijani iko tayari. Vipimo ulivyotuma vilikuwa na sentimita na nusu sentimita, fundi amekataa kuamini.

Micheline


Idjwi Kusini, tarehe 24 Septemba 2023

Mdogo wangu Polycarpe,

Hii ni barua ya tatu ninatuma Nguba. Zile mbili Merveille ameziacha kwa Jean-Marie, anasema mlango una kufuli na Jean-Marie anasema hajui, na alisema hivyo akitazama pembeni.

Sisi ni wazima. Chris na Lucie wamekuja kutusalimu, Lucie amevimba miguu, anakula mananasi yangu kama nyuki. Kila mtu bado anazungumza juu ya harusi. Wanazungumza jinsi Kaporali alivyosimama saa mbili nzima kwenye uwanja wa parokia, hakuyumba, wakati wazee wa Kabare wamekaa kwenye viti. Na jinsi yule wa kofia alivyowaonyesha watu mkia. Papa Chris analia kila akisimulia.

Lakini mara ya mwisho mimi kukuona ilikuwa jioni ileile, ukiwa na nguo ya kijani, unashika kamba, unapanda njia ya Kabare nyuma ya watu wa Jean-de-Dieu. Ulisema unakwenda siku mbili kuwaonyesha namna ya kulowesha pumba.

Siku mbili, Polycarpe. Nimehesabu ishirini na tisa. Uko wapi?

Dada yako ambaye halali,
Micheline


Kabare, tarehe 22 Oktoba 2023

Yaya Micheline,

Nisamehe. Barua zako tatu nimezipata jana kwa pamoja, Jean-Marie amezileta mwenyewe kwa miguu. Mimi mzima. Huku juu kuna baridi, nimenunua koti la pili. Lucie anaendelea vizuri, mama yake ananiambia atajifungua Desemba. Mahindi yamepandwa. Kaporali ana kilo 341, ambazo hajawahi kuzifikia tangu nimjue. Nyasi za huku ni laini, na kuna karoti.

Niko Kabare, kwa Papa Jean-de-Dieu, tangu tarehe 27 Agosti.

Siku mbili za kwanza niliwaonyesha watoto kulowesha pumba. Walizitia maji ya moto, Kaporali akaungua mdomo. Niliongeza siku moja. Siku ya nne walisahau chumvi. Siku ya sita nilikuwa nimefunga mfuko wangu, nimeaga, nimefika mpaka kwenye daraja la chini, nikasikia Kaporali analia. Papa Jean-de-Dieu mwenyewe alinikimbilia, suti na yote. "Papa Polycarpe, rudia! Inakatala kula! Inaangalia njia!" Nilirudi kwa usiku mmoja. Walinipa chumba kilicho karibu na zizi, kina dirisha linalofunguka upande wake.

Hakuna aliyeniambia nibaki. Hakuna pia aliyeniuliza naondoka lini. Mama Lucie ananiwekea sahani. Asubuhi ninatembea na Kaporali nusu saa mpaka njia panda na kurudi, na watu wa huku wametuzoea upesi. Wageni wakija, Papa Jean-de-Dieu anawatembeza na kuonyesha mali yake kwa mkono: migomba ile, mbuzi hawa, ng'ombe huyu. Kisha ananionyesha mimi. "Na uyu alikuya na ngombe." Wageni wanaitikia kwa heshima. Mara ya kwanza nilitaka kusahihisha. Nilitafuta neno la kusahihisha nalo, sikulipata, kwa sababu ni kweli nilikuja na ng'ombe.

Niliandika hayo daftarini tarehe 18 Septemba, na chini yake sikuandika kitu. Ndiyo maana sikukuandikia wewe pia. Sikujua niseme nimekuwa nani.

Sasa kuna jambo jipya, na hili nataka ulisikie kutoka kwangu kabla halijafika kwa mdomo wa Merveille. Kaka yake Lucie anaoa Walungu. Watu wa huko wanataka ng'ombe mmoja. Unajua mwenyewe, ng'ombe wa mahari hakai.

Walikuja jana kuangalia, wazee watatu. Safari hii sikuogopa, kwani Papa Jean-de-Dieu aliwaeleza yeye mwenyewe, kwa ufasaha, kwamba ng'ombe huyu ameshaleta wanawake wawili, kwamba pembe ni mambo ya zamani, na kwamba anayesema si ng'ombe anavunja nyumba mbili za Kikristo. Wazee walimpapasa mgongo. Walimfungua mdomo. Mkubwa wao alisema ni mzee. Papa Jean-de-Dieu alisema ni mzee kweli, lakini anatunzwa.

Ndipo yule mkubwa akanigeukia. Nilikuwa nimesimama na kamba. Alinitazama kuanzia viatu.

"Na uyu?"

"Uyu iko pamoja nayo," alisema Papa Jean-de-Dieu.

"Anauma?"

"Hapana. Anaandika tu."

Alinizunguka mara moja. Wakaenda pembeni, nyuma ya ghala, na nikawasikia wakipandisha sauti na kuishusha. Nilijikuta nimenyoosha mgongo, Yaya. Nilijikuta nimebana tumbo. Sijawahi kusubiri jibu namna hiyo tangu siku ya matokeo ya diploma. Niliwaza wakimkubali yeye na kunikataa mimi, nitashuka Bukavu peke yangu, nitafungua kufuli, na nitakaa.

Walichukua dakika ishirini na mbili. Waliporudi, mkubwa wao alimpa Papa Jean-de-Dieu mkono, kisha akamgusa Kaporali shingoni, kisha akanigusa mimi begani.

"Tunakubali," alisema.

Tunaondoka Walungu tarehe 9 Desemba. Kwa mwendo wetu ni siku tatu.

Polycarpe